Masafa na Mtaa: Redio za Kibiashara na Hatima ya Hiphop ya Pembezoni, kutoka Arusha hadi Nchelenge

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna redio za kibiashara zilivyoathiri hatima ya hiphop inayozaliwa nje ya miji mikuu. Yanaanzia Nchelenge, katika ufuko wa Ziwa Mweru nchini Zambia, na kulinganisha mazingira yake na ya Arusha na Mwanza nchini Tanzania na ya Ukanda wa Shaba nchini Zambia. Hoja kuu ni kwamba redio ya kibiashara huinua hiphop ya eneo pale tu ambapo studio ya kurushia matangazo, studio ya kurekodia na fedha za matangazo ya biashara vinakutana mahali pamoja. Vikitengana, redio hugeuza eneo zima kuwa la wasikilizaji. Kutokana na hoja hiyo, makala yanaonyesha kuwa sera za kulinda muziki wa nyumbani, ambazo hupima asilimia kwa taifa zima, haziwezi peke yake kulinda sanaa ya jimbo dhidi ya mji mkuu wake.

Utangulizi

Wilaya ya Nchelenge iko katika Jimbo la Luapula, kaskazini mwa Zambia. Mji wake na mji jirani wa Kashikishi umekaa ukingoni mwa Ziwa Mweru, na ng'ambo ya maji ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako kuna mji uitwao Kilwa, jina linalomkumbusha msomaji wa Kiswahili Kilwa nyingine iliyo mbali sana na hapo. Wenyeji wa Nchelenge huishi zaidi kwa uvuvi. Lugha kuu ya mawasiliano ni Kibemba, na Kiswahili cha Katanga huvuka ziwa pamoja na wachuuzi na jamaa wa familia zilizogawanywa na mpaka.

Uhusiano wa eneo hili na Kiswahili si wa jana. Katika karne ya 19, misafara ya wafanyabiashara Waswahili na Waarabu kutoka pwani ilifika katika himaya ya Kazembe, bonde la Luapula. Livingstone alipofika huko mwishoni mwa mwaka 1867 alimkuta Muhammad bin Saleh, mfanyabiashara aliyekwisha kukaa katika himaya hiyo kwa miaka mingi. Katika zama zetu, kuanzia mwaka 2017, maelfu ya wakimbizi wa Kongo waliingia wilayani Nchelenge. Walipokewa katika kituo cha muda cha Kenani, kisha wakahamishiwa katika makazi ya Mantapala yaliyofunguliwa mwaka 2018. Wengi wao ni vijana, na wapo miongoni mwao wanaozungumza Kiswahili.

Swali la makala haya linatokana na mazingira hayo. Kijana wa Kashikishi au wa Mantapala anayetaka kughani kwa mtindo wa hiphop atasikika kwa njia gani? Na ikiwa hatasikika, ni kwa sababu ya kipaji chake, ya lugha yake, au ya mpangilio wa masafa, leseni na fedha ambao ulikamilika kabla yeye hajazaliwa? Ili kulijibu, ni lazima kwanza tutazame historia ya redio yenyewe.

Enzi ya mawimbi mafupi

Utangazaji kwa lugha za Kiafrika katika nchi ambayo leo ni Zambia ulianza Lusaka mwaka 1941, chini ya Harry Franklin, ofisa wa habari wa serikali ya kikoloni. Baadaye kituo hicho kilijulikana kama Kituo cha Utangazaji cha Afrika ya Kati. Mwaka 1949 ilitoka sokoni redio ndogo ya betri iliyotengenezwa mahususi kwa wasikilizaji Waafrika, ambayo kwa umbo lake la mviringo iliitwa redio ya sufuria. Bei yake ilikuwa pauni 5, bila kuhesabu betri. Haikuwa bei ndogo, lakini mtu mwenye mshahara wa mgodini au mvuvi aliyepata msimu mzuri aliweza kuimudu.

Jambo la kuzingatia hapa ni fizikia ya mawimbi. Redio ya wakati huo ilirusha kwa mawimbi mafupi, ambayo husafiri mamia ya kilomita kwa kudundishwa na tabaka za juu za anga. Kutoka Lusaka hadi Nchelenge ni zaidi ya kilomita 600 kwa mstari ulionyooka, lakini kwa mawimbi mafupi kambi ya wavuvi ya Mweru ilisikia kile kile kilichosikika viungani mwa Lusaka. Kituo nacho kilihitaji maudhui kwa lugha nyingi. Kwa hiyo kilituma watu wake vijijini wakiwa na vyombo vya kurekodi, na mmoja wa watumishi wake mashuhuri, Alick Nkhata, alikuwa mwanamuziki mwenyewe. Mkusanyiko wa nyimbo uliotokana na safari hizo uliingiza sauti za majimbo katika maktaba ya taifa.

Baada ya uhuru wa mwaka 1964, redio ya taifa iliendelea kutangaza kwa lugha saba za wenyeji pamoja na Kiingereza. Katikati ya miaka ya 1970 Rais Kenneth Kaunda aliagiza kwamba asilimia 95 ya muziki unaopigwa redioni uwe wa Zambia. Agizo hilo huhesabiwa kuwa miongoni mwa sababu za kustawi kwa kalindula, muziki wa gitaa wenye asili kubwa katika bonde la Luapula, uliochukua jina la ala ya besi inayotumika kuupiga. Spokes Chola na Mansa Radio Band, kundi la Shalawambe kutoka Mansa, na mwimbaji asiyeona P. K. Chishala ni miongoni mwa waliousambaza nchini kote.

Isidhaniwe kwamba enzi hiyo ilikuwa ya haki tupu. Redio ya serikali ilichuja maneno na kuwanyima nafasi iliotaka kuwanyima. Aidha, santuri zilitengenezwa Ndola na Lusaka, si Mansa wala Kashikishi, hivyo hata mpiga kalindula alilazimika kusafiri. Lakini mpangilio wa wakati huo ulikuwa na sifa moja ambayo haikudumu: chombo kilekile kilichopeleka sauti jimboni kilikuwa na wajibu, na pia haja, ya kuchukua sauti kutoka jimboni.

Redio inapoingia sokoni

Mageuzi ya kisiasa ya miaka ya 1990 yalibadili mpangilio huo katika nchi zote mbili tunazozilinganisha. Nchini Tanzania, Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa watu binafsi, na Radio One ikaanza mwaka 1994. Radio Free Africa ilifuata mjini Mwanza katikati ya muongo huo, na Clouds FM ikaanza Dar es Salaam mwaka 1999. Nchini Zambia, baada ya kurejea kwa vyama vingi mwaka 1991, Radio Phoenix ilianza Lusaka mwaka 1996 kama kituo binafsi cha kwanza cha kibiashara. Sheria ya Mamlaka Huru ya Utangazaji ilipitishwa mwaka 2002, ikitofautisha, miongoni mwa mengine, watangazaji wa umma, wa kibiashara na wa kijamii.

Hiphop ya Afrika Mashariki na Kati ilikua ndani ya mageuzi haya. Dar es Salaam ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa na mashindano ya muziki wa kufokafoka, kama ulivyoitwa, na Saleh Jabir alikuwa tayari ameghani kwa Kiswahili juu ya midundo ya Marekani. Redio Tanzania iliupa muziki huo nafasi finyu. Redio mpya, zilizohitaji wasikilizaji vijana ili kuvutia wenye bidhaa, ziliupa nafasi pana. Mtangazaji Mike Mhagama wa Radio One anakumbukwa kwa kuupigia debe, na jina Bongo Fleva lenyewe huhusishwa na kipindi hicho. Bila redio za kibiashara, muziki wa vijana wa Tanzania usingepata kasi iliyoupata. Hilo halina budi kukubaliwa kabla ya kulaumu chochote.

Hata hivyo, redio mpya zilitofautiana na ile ya zamani kwa mambo mawili. La kwanza ni masafa. Zilirusha kwa FM, ambayo sauti yake ni safi lakini huishia kilomita chache kutoka kwenye mnara, kwa kawaida makumi, si mamia. La pili ni mapato. Hazikuishi kwa fungu la serikali, bali kwa kuwauzia wafanyabiashara masikio ya wasikilizaji. Mahali pasipo na wafanyabiashara wanaotangaza, masikio hayana bei. Ramani ya redio ikafuata ramani ya maduka, viwanda, benki na kampuni za simu.

Arusha na Mwanza: vipaji mbali na minara

Arusha ni mfano mzuri wa eneo lililokuwa na hiphop yake kabla ya kuwa na redio ya kuibeba. Kundi la X Plastaz lilianza katikati ya miaka ya 1990, likaunganisha kughani kwa Kiswahili na uimbaji wa Kimasai wa Merege. Baadaye yalitokea makundi mengine kama Nako 2 Nako, na hatimaye Weusi, lenye wasanii kama Joh Makini na Nikki wa Pili. Mtindo wa Arusha ulijulikana kwa mashairi mazito na kwa kujivunia mitaa yake.

Mji huo haukukosa redio zake. Triple A na Radio 5 zilirusha kutoka Arusha kwenyewe. Lakini msanii aliyepigwa na kituo cha Arusha alisikika Arusha, ilhali msanii aliyepigwa na kituo kikubwa cha Dar es Salaam alisikika Dar es Salaam, Arusha, Mbeya na Mwanza kwa wakati mmoja, kwa sababu vituo vikubwa vilijenga minara ya kurushia upya mikoani. Minara hiyo ilipeleka sauti upande mmoja tu. Haikuwa na kipaza sauti wala mtangazaji, na wimbo wa mtaani haukuwa na pa kuingilia.

X Plastaz walitafuta njia nyingine. Kwa msaada wa marafiki wa Uholanzi walizunguka Ulaya, na mwaka 2004 albamu yao, Maasai Hip Hop, ilitolewa na kampuni ya OutHere ya Ujerumani. Ni fahari, lakini pia ni ushahidi wa tatizo. Kwa kundi la Arusha, njia ya kufika Munich ilikuwa wazi kuliko njia ya kufika kwenye orodha ya nyimbo za kila siku za Dar es Salaam.

Mwanza inaongeza fundisho la pili, ambalo linazuia hitimisho la haraka. Ikiwa tatizo ni umbali wa studio ya redio tu, basi Mwanza, yenye Radio Free Africa iliyosikika sehemu kubwa ya nchi, ilipaswa kuwa makao makuu mengine ya hiphop. Haikuwa hivyo. Fid Q, mmoja wa waghani wanaoheshimika zaidi nchini, ana asili ya Mwanza, lakini kazi yake ilikomaa Dar es Salaam. Kadhalika Joseph Mbilinyi, aliyejulikana kama 2 Proud kisha Sugu, ambaye albamu yake ya mapema, Ni Mimi, ilitoka mwaka 1995, alitoka Mbeya. Studio za kurekodia zilizotoa nyimbo za kupigwa, kama MJ Records ya Master Jay na Bongo Records ya P-Funk, zilikuwa Dar es Salaam. Ofisi za kampuni zilizodhamini matamasha zilikuwa huko huko. Mnara mmoja ulio mbali na studio na fedha haukutosha kujenga soko.

Mkusanyiko wa nguvu mahali pamoja ulileta malalamiko. Alex Perullo, katika kitabu chake cha mwaka 2011 kuhusu uchumi wa muziki wa Tanzania, ameeleza mazoea ya wasanii kuwalipa watangazaji ili nyimbo zao zipigwe. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Sugu na wenzake walianzisha harakati iliyojulikana kama Antivirus, wakipinga hadharani uwezo wa kampuni moja ya habari na burudani kuamua nani ainuke na nani azame, harakati ambayo Uta Reuster-Jahn ameichambua kwa kina katika jarida la Swahili Forum. Msanii wa mkoani alikuwa na hasara mara mbili katika mfumo huo: kama malipo yalihitajika, alihitaji pia nauli, malazi na mtu wa kumtambulisha mlangoni.

Ukanda wa Shaba: pale vitatu vilipokutana

Nchini Zambia, mwanzo ulifanana na wa Tanzania. Lusaka ilikuwa na Radio Phoenix, na mwaka 1999 Chisha Folotiya alianzisha kampuni ya Mondo Music, iliyowatoa wasanii wa kizazi kipya kama Black Muntu, Shatel na K'Millian. Mtu angetarajia kwamba Lusaka ingemeza kila kitu, kama Dar es Salaam.

Haikumeza. Katika miaka ya 2010, baadhi ya waghani wakubwa kabisa wa nchi walitoka Ukanda wa Shaba, eneo ambalo vijana wake huliita Kopala. Macky 2 na Chef 187, ambao ni ndugu, walijipatia jina kwa kughani kwa Kibemba cha mjini, lugha iliyochanganyika na misimu ya migodini. Kwa nini Kopala iliweza pale Mwanza iliposhindwa?

Jibu liko katika mambo matatu yaliyokutana. Kitwe, Ndola, Chingola, Mufulira na Luanshya ni miji iliyokaribiana, yenye wakazi wanaolipwa mishahara, na hivyo yenye wafanyabiashara wanaotangaza. Ina redio zake zenye makao pale pale: Flava FM ya Kitwe na Sun FM ya Ndola ni mifano, mbali na Radio Icengelo ya Kanisa Katoliki. Na ina mapokeo marefu ya kurekodi, kwa kuwa Ndola ilikuwa na kampuni za santuri tangu enzi ya kalindula, kama vile Teal na Zambia Music Parlour. Msanii wa Chingola aliweza kurekodi, kupigwa redioni na kualikwa kwenye tamasha bila kutoka nje ya jimbo lake. Alipofika Lusaka, alifika akiwa na hadhira, si akiwa na ombi.

Lugha nayo ilisaidia, lakini kwa namna inayoturudisha Luapula. Kibemba cha Ukanda wa Shaba kimejengwa na wahamiaji wa kazi, na wengi wao walitoka Luapula na Jimbo la Kaskazini. Maneno, vichekesho na methali zinazosikika katika nyimbo za Kopala zina mizizi hadi kwenye kingo za Mweru. Ukanda wa Shaba haukuumba lugha yake ya hiphop kutoka patupu. Uliirithi kutoka majimbo ambayo yenyewe hayakupata redio za kulingana na urithi huo.

Nchelenge: masikio bila studio

Sasa tunaweza kuitazama Nchelenge kwa vipimo hivyo vitatu.

Kwanza ni redio. Katika Luapula, Mansa, makao makuu ya jimbo, ndiyo iliyotangulia. Radio Yangeni, kwa mfano, ni kituo cha Jimbo Katoliki la Mansa, na wajibu wake mkuu ni wa kijamii na kidini. Kutoka Mansa hadi Nchelenge ni zaidi ya kilomita 200, umbali ambao FM haiwezi kuuvuka bila minara ya kurushia upya. Sauti za Lusaka na Ukanda wa Shaba hufika kwa setilaiti, kwa simu na kwa kadi za kumbukumbu zinazobebwa na abiria.

Pili ni fedha. Uchumi wa ziwa huzunguka samaki, hasa chisense, dagaa wa huko, ambao wachuuzi huwapeleka Ukanda wa Shaba na Lusaka. Mapato hayo ni halisi, lakini hayana umbo ambalo redio ya kibiashara hulipenda. Huja kwa msimu, hupita mikononi mwa wachuuzi wengi wadogo, na hukatika sheria inapofunga uvuvi kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari. Mwenye kituo cha redio hulipa umeme, leseni na mishahara kwa miezi 12. Wavuvi wana kipato kamili kwa miezi tisa. Mfanyabiashara wa Kashikishi hahitaji kutangaza ili ajulikane, kwa kuwa soko ni moja na kila mtu humpita. Kampuni kubwa za nje, ambazo zingetangaza, hununua muda wa hewani Lusaka na kuhesabu kwamba wimbi lake litafika kwingineko.

Tatu ni kurekodi. Kompyuta moja na kipaza sauti vinatosha siku hizi kutengeneza wimbo, na katika hili kijana wa Nchelenge wa leo yuko mahali pazuri kuliko mpiga kalindula wa mwaka 1978. Lakini wimbo uliorekodiwa bila mahali pa kupigwa ni kama mtumbwi uliokamilika mbali na maji.

Matokeo yake yanaonekana katika mwelekeo wa safari. Samaki huondoka Nchelenge kwenda Ukanda wa Shaba. Muziki hutoka Ukanda wa Shaba kuja Nchelenge. Daraja la Chembe lilipofunguliwa mwaka 2008, likiunganisha Luapula na barabara ya migodini inayokatiza ardhi ya Kongo, lilirahisisha safari zote mbili. Halikubadili mwelekeo wake.

Kwa kijana wa Mantapala hali ni ngumu zaidi. Kiswahili chake hakimo katika lugha saba za redio ya taifa ya Zambia. Ng'ambo ya ziwa Kiswahili ni lugha ya kawaida ya redio, na Radio Okapi, iliyoanzishwa mwaka 2002 kwa ushirikiano na Umoja wa Mataifa, hukitumia. Hivyo kijana huyo anaishi katika nchi ambayo redio yake haitumii lugha yake, akitazama nchi ambayo redio yake inaitumia lakini yeye hayupo tena huko.

Asilimia za nani?

Watunga sera wanapotaka kusaidia muziki, chombo wanachokifikia kwanza ni asilimia: kiasi fulani cha muziki unaopigwa kiwe cha nyumbani. Chombo hicho kina historia ya heshima, na kalindula ni ushahidi wake. Lakini agizo la Kaunda lilifanya kazi katika mazingira ya mawimbi mafupi, kituo kimoja na lugha saba. Nyumbani palimaanisha taifa, na taifa lilisikilizana lote kwa pamoja.

Katika mazingira ya FM na soko, asilimia ya kitaifa hulinda Lusaka dhidi ya New York na Lagos. Hailindi Nchelenge dhidi ya Lusaka. Kituo kinaweza kupiga muziki wa Zambia kwa asilimia 100 bila kupiga wimbo hata mmoja kutoka Luapula, na kikawa kimetimiza sharti. Vivyo hivyo, kituo cha Dar es Salaam kinaweza kujaza siku nzima kwa Bongo Fleva bila kuisikia Arusha. Neno nyumbani, likiachwa bila kufafanuliwa, huwa na maana ya mahali ilipo ofisi ya matangazo.

Athari ya jambo hili haiishii kwenye sifa. Mirabaha hugawanywa kwa kufuata nyimbo zilizopigwa. Anayepigwa hulipwa, hualikwa na kudhaminiwa. Asiyepigwa hana kumbukumbu rasmi kwamba aliwahi kuimba. Kwa mwanahistoria, hilo ni pigo la pili. Safari za kurekodi za miaka ya 1950 zilituachia sauti za vijiji ambavyo leo tunaweza kuvisikiliza. Redio ya kibiashara, isiyokuwa na wajibu wa kukusanya, inaweza kupita juu ya kizazi kizima cha Mweru bila kuacha alama katika maktaba yoyote.

Hoja ya simu

Yapo maoni kwamba mjadala huu umepitwa na wakati, kwa kuwa kijana hupakia wimbo wake mtandaoni na dunia humsikia. Maoni hayo yana ukweli. Simu imevunja ukiritimba wa mtangazaji, na wapo wasanii waliofahamika mtandaoni kabla ya kupigwa redioni.

Lakini kupakia si kusikika. Kifurushi cha intaneti ni gharama inayoshindana na unga na mafuta ya taa, ilhali redio, ukishainunua, husikilizwa bure. Zaidi ya hayo, nguvu ya redio haikuwa tu katika kufikisha sauti. Ilikuwa katika kuwafanya watu wa mahali pamoja wasikie kitu kimoja kwa wakati mmoja, wakijue na kukizungumza sokoni kesho yake. Hivyo ndivyo mtaa unavyojitambua kuwa una sanaa yake. Mtandao humpa kijana wa Kashikishi nafasi ya kuwa mmoja kati ya mamilioni duniani. Haumhakikishii kuwa wa kwanza Kashikishi.

Hitimisho na mapendekezo

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonyesha kwamba redio ya kibiashara si adui wala mkombozi wa hiphop ya pembezoni. Ni bomba linalofuata mteremko wa fedha. Ukanda wa Shaba ulinufaika kwa kuwa redio, studio na watangazaji wa bidhaa vilikutana ndani yake. Arusha ilikuwa na vipaji na redio ndogo, ikapata jina lake nusu kwa kupitia ughaibuni. Mwanza ilikuwa na mnara mkubwa, lakini wasanii wake wakasafiri. Nchelenge ina lugha, masikio na urithi wa kalindula, na hadi sasa nafasi yake katika mfumo huu ni ya kusikiliza.

Kutokana na hayo, mambo manne yanapendekezwa kwa mamlaka za utangazaji za nchi zetu. Kwanza, masharti ya muziki wa nyumbani yawe na sehemu ya jimbo au mkoa, ili kituo kinachorusha katika eneo kipige kiasi fulani cha muziki wa eneo hilo. Pili, kila kampuni inayoweka mnara wa kurushia upya mkoani ipewe wajibu wa saa chache kwa wiki za matangazo yanayotayarishwa pale pale, kwa sauti za pale pale. Tatu, vituo vyote viwasilishe orodha za nyimbo vilizopiga, zikionyesha msanii anatoka wapi, ili mirabaha na utafiti viwe na msingi mmoja. Nne, katika wilaya za mpakani kama Nchelenge, leseni za kijamii ziruhusu na kuhimiza lugha zinazozungumzwa huko, Kiswahili kikiwamo, hata kama hazimo katika orodha ya lugha za redio ya taifa.

Hakuna pendekezo kati ya haya linalohitaji teknolojia mpya. Mwaka 1949, redio ya pauni 5 iliifikishia kambi ya wavuvi sauti za nchi nzima, na gari la kurekodi lilikuja kuchukua sauti ya kambi hiyo. Safari ya kwanza tumeiendeleza kwa minara na setilaiti. Ya pili ndiyo tuliyoiacha njiani, na ndiyo sera inayopaswa kuirejesha.